UZI: Kuomba chuo cha udaktari (MD) Marekani ukiwa na BSc ya Tanzania au Kenya. Hatua, gharama na mahali watu wanapokwama

ChupaYaMaabara ameandika:

Wakuu, swali la "nina BSc yangu, naombaje udaktari Marekani" linaulizwa humu kila mara na majibu yake yametawanyika kwenye nyuzi kumi tofauti. Naweka msingi hapa, wajuzi waongeze nyama.

Tuanze na tofauti ya mfumo. Kwetu Tanzania ukitoka PCB (fizikia, kemia na baiolojia ya kidato cha sita) unaingia moja kwa moja MD ya miaka mitano, halafu intanshipu. Marekani udaktari unakuja baada ya digrii ya kwanza: mtu anamaliza digrii ya fani yoyote, hata historia, ilimradi amepita masomo fulani ya sayansi, ndipo anaomba MD ya miaka minne. Kwa hiyo mwenye BSc ya maikrobaiolojia au ya maabara hajachelewa popote.

Shida inaanzia kwenye fomu. Vyuo vingi vya MD vinapokea maombi kupitia AMCAS, mfumo wa umoja wa vyuo vya udaktari wa huko (AAMC). AMCAS inahakiki masomo yaliyosomwa kwenye vyuo vyenye ithibati vya Marekani, maeneo yake, na Kanada tu. Chuo chako cha nyumbani unakiandika, digrii unaiandika, lakini masomo yake huyaingizi na GPA yake haikokotolewi. Mtu mwenye first class safi na asiye na krediti hata moja ya Marekani anapeleka fomu ambayo sehemu ya GPA iko tupu. Pale ofisini wanaochuja wanachuja kwa GPA na MCAT (mtihani wa kuingilia udaktari). Ukikosa kimoja, wengi hawafiki kusoma esei yako.

Kwa hiyo mpangilio wa kujiuliza ni huu: (1) Una krediti za Marekani au Kanada, na kama huna utazipataje? (2) Hadhi yako ya uhamiaji ni ipi: F-1 (viza ya mwanafunzi), green card (ukazi wa kudumu), mkimbizi, raia? (3) Pesa zinatoka wapi? MCAT inakuja baada ya hapo. Wengi humu wanaanza na MCAT kwa sababu ndicho kitu chenye kitabu cha kununua, wanapata alama nzuri, halafu alama zinazeeka (vyuo vingi vinakubali za miaka miwili mpaka mitatu) wakiwa bado wanahangaika na namba 1.

---

Ngwe_ya_Tatu ameandika:

Mkuu, si kuna WES? Mtu anapeleka transkripti, wanabadilisha kuwa mfumo wa Marekani, unaambatisha AMCAS. Mimi nina 4.1 ya 5.0 BSc Bioteknolojia.

---

ChupaYaMaabara ameandika:

AMCAS haipokei tathmini ya WES wala ya shirika lolote lile. Hapo ndipo wengi wanachoma pesa.

Tathmini inafanya kazi kwingine. AACOMAS, mfumo wa vyuo vya DO (osteopathia, nao ni madaktari kamili Marekani), inapokea tathmini ya somo kwa somo na vyuo vinaiona. OMSAS ya Ontario, Kanada, inadai ya WES kabisa kwa waliosoma nje ya Amerika Kaskazini. Na ukitaka kujiunga na chuo chochote cha Marekani kusoma yale masomo ya lazima, hapo nako utaihitaji. Kwa hiyo si hela ya bure, ila usiifanye ukidhani inaziba pengo la AMCAS.

Texas wana mfumo wao, TMDSAS. Wanataka krediti 90 za muhula kutoka chuo cha Marekani au Kanada, na sheria ya jimbo inavitaka vyuo vya umma vya udaktari vitoe angalau asilimia 90 ya nafasi kwa wakazi wa Texas. Mtu wa nje bila krediti aipite tu.

Na hiyo 4.1 usiizidishe kwa 4 ugawe kwa 5. Tathmini inachukua kila somo peke yake: A yako inasomwa, B+ inasomwa, C ya sap inasomwa, kila moja na uzito wa krediti zake. Matokeo yanaweza kuwa juu au chini ya hesabu ya kichwani.

---

Wakili_wa_Transkripti ameandika:

Naongezea kwenye transkripti maana hapa ndipo muda unapotea.

Omba nakala yenye ufunguo wa madaraja nyuma au ukurasa wa mwisho. Kwa vyuo vyetu vingi 70 ni A. Mmarekani akiona "71" bila ufunguo anasoma C, na akiona "58" anasoma mtu aliyefeli. Kenya hivyo hivyo: A inaanzia 70, B ni 60 hadi 69. Ukurasa wa ufunguo ukibaki kwenye skana, umeshajimaliza mwenyewe.

Bahasha lazima itoke chuoni ikiwa imefungwa na kupigwa muhuri, au chuo kitume kielektroniki kutoka barua pepe ya ofisi. Ukiifungua kuangalia "kama iko sawa", imekuwa si rasmi tena. Omba nakala mbili: moja ya kwako ya kufungua, moja ya kutuma.

Walio na digrii ya miaka mitatu ya Tanzania: ambatisha cheti cha ACSEE (kidato cha sita). Sisi tuna miaka 13 ya shule kabla ya chuo, Mmarekani ana 12. Bila ACSEE mkaguzi anaweza kuandika "miaka mitatu ya masomo ya digrii" badala ya "sawa na digrii ya kwanza". Wakenya wa 8-4-4 hili haliwagusi sana, wana miaka minne ya chuo.

Na mihtasari ya kila somo (course outline) ikusanye sasa hivi ukiwa bado una marafiki idarani. Baada ya miaka mitano mihtasari inakuwa imebadilika, na mhadhiri amehama. Mkuu wa kitengo cha kemia kule akiuliza "maabara yenu ilikuwa saa ngapi kwa wiki" jibu lazima liwe kwenye karatasi.

---

MamaRhoda_Minnesota ameandika:

Wanangu, hebu tuseme masomo yenyewe ni yapi, maana watu wanasema "prerequisites" kama vile ni kitu kimoja.

Vyuo vinatofautiana ila ukibeba mzigo huu unafungua milango mingi:

Baiolojia mihula miwili na maabara, krediti 8. Kemia ya jumla mihula miwili na maabara, 8. Kemia ya kikaboni miwili na maabara, 8. Fizikia miwili na maabara, 8. Baiokemia muhula mmoja, 3 au 4. Uandishi wa Kiingereza, 6. Takwimu 3, saikolojia 3, sosholojia 3. Jumla ni kama krediti 50.

Sasa msihesabu 50 kugawa 15 mkasema mihula mitatu na ushee. Kinachoamua muda ni mnyororo wa kemia. Kemia ya jumla I ndiyo mlango wa II, II ni mlango wa kikaboni I, ambayo ni mlango wa kikaboni II, ndipo baiokemia. Mihula mitano mfululizo! Dawa yake ni kiangazi: vyuo vingi vinafundisha kikaboni I na II ndani ya kiangazi kimoja, kila moja wiki tano au sita. Ukianza Agosti na kemia ya jumla, ukaunganisha kiangazi, baiokemia unaisoma muhula wa vuli unaofuata. Umeokoa mwaka. Lakini kikaboni cha kiangazi ni cha kila siku darasani na maabara mchana, usikichanganye na zamu za usiku za kulea wazee.

Jambo moja nalisisitiza. Mshauri wa chuo akiona BSc yako atakwambia, "Wewe kemia ya jumla ulishasoma, tunakusamehe, anza na kikaboni." Inasikika kama zawadi. Msamaha hauna krediti wala alama. Chuo cha udaktari kitatafuta kemia ya jumla kwenye transkripti ya Marekani na hakitaiona. Mwambie kwa adabu kwamba unataka kuisoma na uandikishwe. Na kama umeshahamisha krediti kutoka nyumbani, mara nyingi zinakaa kwenye transkripti bila alama, kwa hiyo hazikujengei GPA, na chuo kinaweza kukukatalia kurudia somo ambalo kimekupa krediti zake. Fikiri kabla ya kuhamisha.

---

Njugumawe ameandika:

Dada Rhoda, shikamoo. Mtu wa F-1 anaweza kusoma hayo masomo tu bila kuwa kwenye programu ya digrii?

---

MamaRhoda_Minnesota ameandika:

Marahaba. Kwa kawaida hapana. I-20 (fomu ya chuo ya kuombea viza) inatoka kwa programu, na lazima uwe full time, krediti 12 kwa muhula ngazi ya digrii ya kwanza. Kozi za baada ya digrii za kuokotaokota ni za raia na wenye green card. Mtu wa F-1 ana njia tatu ninazoziona zinatumika:

Chuo cha jamii (community college) kwanza kwa I-20 ya digrii ya miaka miwili, ada ni ndogo sana, halafu unahamia chuo kikuu kwa yale ya juu. Vyuo vingi vya udaktari vinakubali masomo ya chuo cha jamii, vichache vinanuna. Baiokemia na kikaboni afadhali uzisomee chuo kikuu.

Digrii ya pili ya kwanza. Ghali, lakini GPA inajengeka vizuri.

Masters. Hapa kuna mtego: AMCAS inaweka GPA ya uzamili kwenye mstari wake, mbali na ya digrii ya kwanza. Mstari wa digrii ya kwanza unabaki mtupu. Masters yenye ufadhili (unafundisha maabara, ada inalipwa) inavutia kwa sababu ya pesa, na unaweza kuomba ruhusa ya kuchukua kikaboni na fizikia za ngazi ya chini pembeni. Uliza ruhusa hiyo kabla ya kukubali nafasi, si baada.

---

OtienoBench ameandika:

Wadau, na sisi wa Nairobi? USIU-Africa ina ithibati ya Marekani. Krediti zake zinahesabika?

---

ChupaYaMaabara ameandika:

Ni kweli USIU-Africa ina ithibati ya WSCUC, ile ile inayothibitisha vyuo vya California. Lakini ithibati ni jambo moja na eneo ni jingine. Sharti la vyuo vingi vya udaktari limeandikwa kwa eneo: angalau mwaka mmoja, wakati mwingine miaka miwili, ya masomo katika chuo kilichoko Marekani au Kanada. Johns Hopkins kwa mfano wanaeleza kwamba aliyesoma nje kwa kawaida aongeze mwaka au zaidi wa masomo kwenye chuo kilichoko Marekani. Kwa hiyo andika barua pepe mbili, moja AMCAS na nyingine kwa kila chuo unachokitaka, eleza chuo na ithibati, na utunze majibu. Jibu la simu halina kazi ukija kukataliwa.

Chombo cha kuchujia vyuo ni MSAR, hifadhidata ya AAMC. Unalipia usajili wa mwaka, bei yake haifiki hata ada ya fomu moja ya pili (secondary, ile ambayo chuo chenyewe kinakutumia baada ya AMCAS). Angalia mambo mawili kwa kila chuo: kama kinapokea waombaji wa kimataifa, na kinasemaje kuhusu masomo ya nje. Ukimaliza kuchuja, orodha ya vyuo zaidi ya 150 inabaki ya makumi machache. Afadhali ijulikane mapema.

---

Kiberiti_2 ameandika:

Mbona mnawatisha watu? Marekani ukiwa na kichwa chako unapita. Mungu hamtupi mja wake.

---

HesabuZaUsiku ameandika:

Mungu hamtupi, lakini ofisi ya fedha ya chuo inataka risiti. Tuzungumze pesa, naona watu wanaipita kimyakimya.

Kuomba peke yake: AMCAS ni kama dola 175 chuo cha kwanza, na kama dola 46 kila kinachofuata. Vyuo 20 ni zaidi ya dola 1,000. Kila chuo kikikurudishia fomu ya pili kinataka dola 50 mpaka 150, weka wastani wa 100, hizo 2,000 nyingine. MCAT inazidi dola mia tatu na arobaini, na ukifanyia nje ya Marekani na Kanada kuna nyongeza inayozidi mia. Kwa hiyo andaa kati ya dola 3,500 na 4,000 kabla hujajua kama kuna hata usaili mmoja. Punguzo la AAMC (FAP) ni la raia, wenye green card, wakimbizi na waliopewa hifadhi, na wale wa DACA (walioingizwa Marekani utotoni bila karatasi). Mtu wa F-1 halimhusu.

Kusoma kwenyewe: chuo binafsi, ada na kuishi, ni dola 90,000 hadi 100,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa kimataifa hapati mkopo wa serikali ya shirikisho. Mkopo wa benki binafsi unataka mdhamini raia au mkazi wa kudumu mwenye historia nzuri ya mikopo. Na baadhi ya vyuo vinataka uweke fedha kwenye akaunti ya amana kabla ya kuanza: vingine ada ya mwaka mmoja, vingine ya miaka yote minne kwa mpigo. Ada ya 70,000 mara nne ni 280,000, ikae benki huwezi kuigusa. Sharti hilo huwa limeandikwa kwenye ukurasa wa waombaji wa kimataifa wa chuo husika, chini kabisa, baada ya picha za wanafunzi wanaocheka. Lisome kabla ya kulipa fomu.

MD-PhD (udaktari pamoja na uzamivu) je? Nafasi zinazolipiwa na NIH, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya, ni za raia na wakazi wa kudumu. Vyuo vichache vinamlipia mgeni kwa mfuko wao. Ni chache, na ushindani wake ni wa utafiti: machapisho, miaka ya maabara.

Walio na green card, iwe ya bahati nasibu ya DV au ya familia, habari ni tofauti: mnahesabika kama wenyeji, mnaruhusiwa kuomba FAP, mnapata mikopo ya shirikisho. Ila jueni kuwa kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026 mkopo wa Grad PLUS umefutwa, na kikomo cha wanafunzi wa fani kama udaktari ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Chuo cha 95,000 kwa mwaka kinawaachia pengo la 45,000. Kwenu chuo cha umma cha jimbo mnaloishi ndicho cha kwanza kwenye orodha. Ukazi wa jimbo kwa kawaida unataka miezi 12, na ushahidi wake ni leseni, kodi ya mapato, mkataba wa nyumba.

---

Njugumawe ameandika:

Na viza?

---

HesabuZaUsiku ameandika:

Angalia hali ya pasipoti yako kabla ya senti ya kwanza. Tangazo la Rais wa Marekani la Juni 2025 lilizuia viza za F, M na J (za masomo na mabadilishano) kwa Warundi, na orodha ya nchi imerefuka tangu hapo. Tovuti ya ubalozi, si maneno ya wakala.

Walioko tayari ndani kwa F-1 wana hesabu nyingine, ila wakumbuke kwamba kutoka kwenda kusalimia nyumbani kunahitaji viza hai ya kurudia.

---

Pembe_ya_CARS ameandika:

MCAT. Nawapa umbo lake halafu mahali tunapovuja alama.

Sehemu nne. Tatu za sayansi ni maswali 59 kwa dakika 95 kila moja: kemia na fizikia, baiolojia na baiokemia, saikolojia na sosholojia. Ya nne ni CARS, usomaji na uchambuzi, vifungu 9, maswali 53, dakika 90. Kila sehemu alama 118 hadi 132, jumla 472 hadi 528. Wastani wa walioingia MD 2023 ulikuwa 511.7. Unaruhusiwa mara 3 kwa mwaka, 4 kwa miaka miwili, 7 maisha yako yote, na kuandikishwa usitokee kunahesabika kama jaribio.

Mtu wa PCB kwenye kemia na fizikia yuko vizuri kwa maudhui. Kinachomwangusha ni kwamba hakuna kikokotoo. Jizoeze kukadiria logi na mizizi kwa kichwa, na kukata namba ziwe za duara kabla ya kuzidisha.

Saikolojia na sosholojia hatujawahi kuisoma shuleni. Wengi wanaiacha mwisho wakidhani ni stori. Ina istilahi mamia na zinafanana kwa makusudi. Ukizipata ni alama za bei rahisi kuliko fizikia.

CARS ndiyo yenyewe. Dakika 10 kwa kifungu cha falsafa au historia ya sanaa, na huruhusiwi kuleta ujuzi wa nje. Sisi tumefundishwa "summary" na kutafuta jibu lililoandikwa. CARS inauliza mwandishi angekubaliana na lipi ambalo hakulisema. Haikaririki. Kifungu kimoja au viwili kila siku kwa miezi, ukipitia kwa nini jibu uliloliacha ni baya, ndiyo njia ninayoiamini. Vitabu vya mbinu havijanishawishi.

Vituo nje ya Marekani na Kanada ni vichache na vinajaa siku usajili unapofunguliwa. Panga safari na viza ya nchi yenye kituo kabla ya kujisajili, maana kuahirisha kunalipiwa.

Na JINA. Jina la kwanza na la mwisho kwenye usajili lazima yafanane na kitambulisho. Mtu ana cheti cha NECTA "Asha Juma Mwinyi", pasipoti imeweka Mwinyi kama jina la ukoo, transkripti ya chuo imegeuza "Mwinyi Asha J.", na akaunti ya AAMC amejiandika Asha Juma. Mlangoni hapiti na pesa hairudi. Chagua pasipoti iwe ndiyo mama, kila akaunti mpya iifuate herufi kwa herufi. Kwa vyeti vya zamani vinavyotofautiana, andaa hati ya kiapo ya majina, au deed poll kama umebadilisha kabisa, na uweke majina mengine kwenye sehemu ya majina mbadala ya AMCAS ili transkripti zikukute.

---

Ngwe_ya_Tatu ameandika:

Asanteni. Barua za mapendekezo, za wahadhiri wa huku zinafaa?

---

Wakili_wa_Transkripti ameandika:

Zinafaa kama nyongeza. Vyuo vingi vinataka mbili za wahadhiri wa sayansi waliokufundisha, moja ya fani nyingine, na ya daktari au msimamizi wa utafiti inasaidia. Angalau moja ya sayansi itoke kwa aliyekufundisha Marekani, anajua wasomaji wanatafuta nini.

Tatizo la barua zetu ni ufupi na heshima. "Ni kijana mwenye bidii, nidhamu na maadili mema, nampendekeza bila kusita." Mistari sita, muhuri mkubwa. Kule barua ya namna hiyo inasomwa kama mwandishi hakumfahamu mtu. Mpe mhadhiri karatasi moja: ulisoma naye somo gani, mwaka gani, mradi gani, ulifanya nini maabara wakati sampuli zilipoharibika, ulikuwa wa ngapi kati ya wangapi. Atapata cha kuandika ukurasa na nusu.

Kiufundi: barua iwe kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, tarehe, saini. AMCAS inatoa fomu yenye namba yako ya AAMC na namba ya barua. Mhadhiri anaipakia mwenyewe, wewe huigusi. Mtumie fomu ile ya PDF, mpigie simu, mkumbushe baada ya wiki mbili. Mwisho ni barua 10 kwenye mfumo, ila kila chuo kina kikomo chake.

---

ChupaYaMaabara ameandika:

Kalenda kwa ajili ya walioniuliza inbox. AMCAS inafunguliwa mwanzoni mwa Mei, kutuma kunaanza mwishoni mwa Mei, vyuo vinaanza kupokea mwishoni mwa Juni. Uhakiki wakati wa msongamano unaweza kuchukua wiki sita, kwa hiyo aliyetuma Agosti anafika wakati viti vya usaili vinagawiwa. Fomu za pili Julai na Agosti, jibu ndani ya wiki mbili. Usaili Septemba hadi Machi, mwingi kwa video. Masomo yanaanza Julai au Agosti ya mwaka unaofuata. Maana yake alama za MCAT ziwe mkononi kufikia Juni, na kwa kuwa matokeo yanachukua kama mwezi, fanya kabla ya Mei.

Esei kuu ni herufi 5,300 na nafasi zake. Shughuli 15, kila moja herufi 700, tatu kati ya hizo unazipanua kwa 1,325. Kazi ya maabara ya hospitali ya wilaya, kufundisha tuisheni, kutunza mgonjwa nyumbani, vyote vinaingia. Ila wanataka pia kuona umemfuata daktari kazini Marekani, maana swali lao ni kama unajua mfumo wao.

---

Daktari_wa_Zamu ameandika:

Kwa wenye MD au MBChB tayari: uzi huu si wenu. Msirudi chuo cha udaktari. Njia yenu ni mitihani ya leseni: USMLE Step 1 (tangu Januari 2022 ni kufaulu au kufeli tu, haina alama), Step 2 CK, OET ya kitabibu (mtihani wa Kiingereza), cheti cha ECFMG (wanaohakiki madaktari waliosoma nje), halafu Match (mgawo wa nafasi za mafunzo hospitalini). Fungueni wenu.

Kwa mnaotaka njia isiyo na ukuta wa krediti: Ireland. RCSI, UCD, Cork na Limerick wana udaktari wa miaka minne kwa wenye digrii, MCAT inakubalika kwa waombaji wa kimataifa, na digrii ya nje inasomwa kama digrii. Wanaangalia daraja, second upper kwenda juu. Ada ni kubwa na baada ya kumaliza mgeni wa nje ya Ulaya anapangiwa intanshipu baada ya wengine. Uingereza nako kuna miaka minne, mwisho wa UCAS (mfumo wao wa maombi) ni katikati ya Oktoba, lakini programu nyingi za namna hiyo hazipokei wageni. Warwick wanapokea.

Visiwa vya Karibiani: wanakubali BSc ya kwetu haraka mno. Angalia chuo kwenye World Directory of Medical Schools, sehemu ya wadhamini, kama ECFMG wanakitambua. Kisha uliza ni wangapi walioanza mwaka wa kwanza waliofika Match, siyo asilimia ya waliofanya Match waliopata. Wakala akikujibu ya pili wakati umeuliza ya kwanza, umeshajibiwa.

---

OtienoBench ameandika:

Na mtu akitaka kurudi nyumbani kufanya kazi?

---

Daktari_wa_Zamu ameandika:

Kenya ni KMPDC (baraza la madaktari la huko), waliosoma nje wana mtihani wa kabla ya intanshipu. Tanzania ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa kutambua digrii. Ukienda njia ya DO waandikie baraza kabla ya kuanza na upate jibu la maandishi, kwa sababu huku watu wengi hawajawahi kuiona digrii hiyo.

---

Ngwe_ya_Tatu ameandika:

La mwisho wakuu. Maabara za mtandaoni zinakubalika? Nimeona chuo cha jamii kinatoa baiolojia na kemia zote kwa mtandao, bei poa, naweza kusoma nikiwa Dodoma.

---

MamaRhoda_Minnesota ameandika:

Mhadhara wa mtandaoni vyuo vingi wanauvumilia. Maabara, wengi hawataki, na vingine vimeandika wazi "ana kwa ana". Zaidi ya hapo, wanaotaka masomo yafanyike ndani ya Marekani watakuona uko Dodoma. Ukitaka kuanza ukiwa huko, chukua kwa mtandao yale yasiyo na maabara: takwimu, saikolojia, sosholojia, uandishi. Hizo ni krediti 15 zenye alama kwenye transkripti ya Marekani, na sosholojia na saikolojia zinakuandaa kwa MCAT papo hapo. Ila kabla ya kulipa, waulize kama hayo masomo yanaonekana kwenye transkripti yakiwa na alama "online", na kama ada ya mtu aliye nje ya nchi ni ile ile uliyoiona kwenye tangazo.